Kupe Nyuma ya Goti

SWALI: Tulipotoka kutembea msitu wa Karura, nilimkuta kupe nyuma ya goti la mwanangu. Mama mkwe anashauri tummwagie mafuta ya taa. Je, inafaa? – Mama, Kasarani

JIBU: La, Mama, mafuta ya taa yabaki kwenye stovu, kwa kuwa kupe aliyechokozwa huweza kutema mate yenye vijidudu jerahani. Mshike kwa kibano chembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumminya tumbo, kisha uoshe kwa sabuni. Mtoto akipata homa au kigaga cheusi palipoumwa katika wiki 2 zijazo, mpeleke hospitali na umweleze daktari habari za kupe. Kama mnafuga mbwa, mkagueni masikioni na katikati ya vidole, maana kupe wake hutaga mayai kwenye nyufa za ukuta.