Maswali yenu: kilichomo ndani ya kichupa

*Nesi alichanja watoto wanne surua, kliniki ikaisha, akatupa kichupa kikiwa bado na dawa. Si hasara hiyo?* (Mama mzazi, Tanga)

Mama, nesi huyo alifanya sawasawa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, na virusi vilivyomo ni hai ila vimedhoofishwa. Haitiwi kihifadhi cha kuzuia bakteria, maana kingeviharibu virusi hivyo. Ikishachanganywa na maji yake, mwisho ni saa 6 au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Mwaka 2017, Kapoeta huko Sudan Kusini, watoto 15 walifariki kwenye kampeni ya surua. Bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia siku zote nne, na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Kila nikikumbuka habari hiyo, sioni uchungu wa dozi zinazomwagwa.

*Dripu ikitoka kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke, nyuzi 121, vijidudu vimekwisha kufa. Kiwandani wanapima nini tena?* (Mwanafunzi wa famasia, Morogoro)

Wanapima mizoga. Bakteria wa kundi la Gramu hasi wakifa huacha vipande vya ganda lao, endotoksini, na otoklevu haiviwezi. Chupa tupu za kioo husafishwa kwa joto kavu, nyuzi 250 kwa nusu saa, lakini dripu yenyewe huwezi kuioka hivyo. Kwa hiyo maji lazima yawe safi tangu mwanzo. Ukiinua chupa kwenye mwanga huoni kitu. Yakiingia mshipani, kinga ya mwili inadhani imevamiwa: mgonjwa anatetemeka, meno yanagongana, homa inapanda, presha inaweza kushuka.

Zamani walimchoma sungura dawa hiyo, kisha wakampima joto. Baadaye ikajulikana kwamba damu ya buluu ya Limulus, mnyama wa pwani ya Marekani afananaye na kaa, huganda ikikutana na endotoksini. Unachanganya matone ya dripu na ya dawa itokanayo na damu hiyo kwenye tyubu ndogo, unaiacha nyuzi 37 kwa saa nzima, kisha unaipindua taratibu. Ute ukishikilia bila kumwagika, bechi, yaani chupa zote zilizotengenezwa pamoja, haitoki kiwandani. Siku hizi kuna kipimo kisichohitaji damu yake, na nakiunga mkono kwa moyo wote.

*Amoksilini ya mtoto imebaki nusu chupa. Niiweke friji mpaka augue tena?* (Baba, Mwanza)

Hapana. Ikishatiwa maji huanza kuvunjika. Nyingi ni siku 7, nyingine 14 zikiwa kwenye friji, soma lebo. Na kama imebaki nusu, hakikisha alimaliza dozi aliyoandikiwa.

*Chanjo ya pepopunda iliganda, sasa imeyeyuka na inaonekana kama kawaida.* (Mhudumu wa zahanati)

Kama uliona barafu, ndugu yangu, usiitumie. Chumvi ya aluminiamu inayoamsha kinga hushikana mabonge ikiganda, wala hairudi. Ukiwa na shaka tu, chukua kichupa kingine cha bechi hiyo hiyo, kigandishe makusudi usiku kucha, kiyeyushe, uvitikise vyote viwili kwa pamoja na kuvisimamisha mezani. Cha kwako kikituama haraka kama kile, kitoe kwenye friji leo hii.