Kitulo: maswali yenu kabla ya kupanda mlimani

Mvua zikianza tu, maswali ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo huanza kumiminika. Safari hii tumejibu manane. Ya viingilio tumeyaacha, kwa kuwa viwango hubadilika na ofisi ya hifadhi pale Matamba ndiyo yenye bei ya siku. Ila jueni mambo mawili: malipo hufanyika kwa kontroo namba, si fedha taslimu, na asiye na kitambulisho cha uraia asishangae akitozwa kama mgeni.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 30 wa kidato cha tatu wakaone simba na tembo. Kitulo wapo? (Mwalimu, Mafinga)

Kamwene, Mwalimu. Hawapo. Ukiwaahidi tembo watarudi wamenuna, na kwa tembo wewe wa Mafinga una Ruaha kwa kupitia Iringa. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya mimea: zaidi ya aina 350, zikiwemo orkidi 45 zinazoota ardhini. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu zamani, kabla hata ya bango la hifadhi kusimama. Wanyama wake ni wadogo, wenye haya: tohe kwenye nyasi, minde, mbega na kipunji (tumbili adimu) msituni, vinyonga, vyura, na ndege wengi.

Kwa wanafunzi tunashauri hivi. Wagawe makundi ya watano watano, kila kundi na kamba ya mita nne na vijiti vinne. Wafunge mraba wa mita moja kila upande kandokando ya njia, wapige magoti, wahesabu aina za mimea zilizomo bila kung'oa hata jani. Kundi moja liweke mraba mahali pa majimaji, jingine kwenye mteremko mkavu. Nusu saa inatosha, kisha walinganishe. Anayetazama Kitulo akiwa amekaa kwenye kiti cha basi huona nyasi tu.

Likizo yangu ni Julai. Nitakuta maua? (Karani, Njombe)

Machache sana. Maua huanza kutokeza mvua zinaposhika, Desemba, yakakolea Januari hadi Machi, na kufikia mwisho wa Aprili yameanza kupungua. Julai utakuta nyasi za rangi ya kahawia, upepo, na asubuhi nyingine jalidi imeganda juu ya majani kama chumvi. Kwa kutembea miguu, Septemba hadi Novemba ni kukavu na mbali kunaonekana. Shida ni kwamba miezi ya maua ndiyo miezi ya tope, kwa hiyo chagua unachokitaka zaidi.

Naendesha Noah ya kawaida. Nitafika Matamba kwa barabara ya Hamsini na Saba? (Dereva, Uyole)

Kiangazi, ukiwa mzoefu, utafika. Wakati wa mvua usijaribu bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jina hilo, kwa wasiolijua, linatokana na kona 57 zinazopanda ukuta wa mlima kutoka Chimala. Chini kuna uwanda wa Usangu, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juu uwanda wa Kitulo uko mita 2,600.

Kupanda huisumbua injini. Kagua maji ya rejeta ukiwa Chimala, injini ikiwa imepoa, zima kiyoyozi, panda kwa gia ndogo bila pupa. Sindano ya joto ikianza kusogea, simama mahali pa wazi, uache injini izunguke bila mzigo mpaka irudi. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyoko ndani yana shinikizo na yatakurukia usoni.

Ila kinachoua watu ni kushuka. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Noah nyingi ni otomatiki, na madereva wengi huiacha kwenye D kisha wanategemea breki kwa kona zote. Weka 2 au L, injini ibebe uzito. Breki ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, halafu achia ipumue; ukiigusa-gusa muda wote, hutengeneza joto lisilopata nafasi ya kutoka. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua kwenye magurudumu ya mbele. Ya pili ni pedeli kuwa laini na kuzama: mafuta ya breki yamechemka, na mvuke haukandamizi kitu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishakuwa na maji huchemka mapema. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, yabadilishe kabla ya safari.

Pedeli ikilegea, ingia gia ya chini kabisa, simama upande wa mlima, weka kabari ya gogo au jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, subiri angalau nusu saa. Usimwagie maji, diski ya moto ikipata maji ya baridi hupinda. Kabari iwe karibu na mlango, si chini ya mizigo.

Halafu, ndugu yetu, wewe uko Uyole. Mbona unazunguka Chimala? Shika barabara ya Tukuyu, pinda Isyonje, unaingia uwandani upande wa pili.

Pikipiki yangu ya 150 inakosa nguvu kule juu, inatoa moshi mweusi. Nimebadilisha plagi, wapi. (Kijana wa bodaboda, Igurusi)

Plagi haina kosa. Kwenye mita 2,600 hewa imebaki kama robo tatu ya ile ya pwani, lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito, petroli haiungui yote, ndiyo huo moshi na plagi nyeusi. Kwanza safisha chujio cha hewa na hakikisha choki imerudi. Kama unashinda huko juu siku kadhaa, mwambie fundi afungue kabureta na kupandisha klipu ya sindano tundu moja, ili sindano ishuke na kupunguza mafuta. Ukirudi Igurusi irudishe palepale, la sivyo injini itaungulia kwenye mchanganyiko mwepesi. Na hata ikitengenezwa vizuri, nguvu haitarudi yote: abiria wawili na gunia la viazi usibebe. Usipange pia kutalii ndani ya hifadhi ukiwa juu ya pikipiki; zungumza na askari langoni.

Mwanangu ana selimundu, shuleni kwao wanaenda Kitulo. Nimruhusu? (Mama, Ilula)

Mama, usimruhusu kabla hajaonwa na daktari wake, na umtajie urefu wenyewe: mita 2,600, kulala usiku mmoja au zaidi, baridi kali, kutembea mlimani. Hewa nyembamba, baridi na kukosa maji mwilini, kila kimoja kwa nafasi yake kinaweza kuamsha maumivu ya selimundu, na Kitulo vinakuja vyote vitatu kwa pamoja. Daktari akikataa, usione haya kumzuia mtoto.

Wenye kubeba nusu tu ya vinasaba hivyo, wale wasioumwa, kwa kawaida hawapati shida. Ila mara chache bandama huathirika huko juu: maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu. Hayo ni ya kushuka saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Kwa watu wazima wenye afya, kichwa kinachogonga, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Kunywa maji, kula kidogo, tembea taratibu siku ya kwanza, ulanzi uache. Kichwa kikizidi, ukitapika au ukianza kuyumba, dawa ni kushuka. Mbu kule juu si tishio, lakini ukilala Chimala au Matema chandarua ni lazima.

Tulipiga hema, tukapika maharage kwa muda wa saa nne hayakuiva, na usiku tuliganda ingawa tulikuwa na mablanketi matatu. Tulikosea wapi? (Kikundi cha vijana, Soweto, Mbeya)

Maharage: kwenye urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Yanatokota mbele ya macho yenu lakini hayana moto wa kutosha, na kuchochea kuni zaidi hakuyapandishi hata nyuzi moja. Yapikeni nyumbani mkapashe tu, au mbebe sufuria ya presha. Makande yasahauni kabisa. Wali unawezekana kwa kuongeza maji kidogo na muda. Ugali hausumbui sana.

Baridi: mablanketi matatu yote mliyaweka juu, tunakisia. Ardhi ndiyo iliyowanyonya joto. Wekeni mawili chini na moja juu mtaona tofauti. Magodoro ya sponji ni bora zaidi, na magunia makavu yaliyojazwa nyasi kavu kutoka nyumbani yanasaidia. Nyasi za hifadhi msizikate. Kabla ya kulala vueni soksi za mchana hata kama hazionekani kulowa. Acheni upenyo juu ya hema, kwa sababu pumzi za watu wanne hugeuka maji kwenye turubai na kuwadondokea alfajiri. Jiko la mkaa ndani ya hema ni mwiko, hata dakika tano: hewa yake haina harufu, na huua watu waliolala. Simu laleni nayo kifuani, baridi huimaliza chaji. Kabla ya kupanda piteni Mwanjelwa kwenye mitumba, makoti ya baridi hayakosekani.

Nataka kumwona kipunji. Nilikwenda siku mbili uwandani nikatoka mikono mitupu. (Msomaji, Tukuyu)

Umemtafuta asikokaa. Kipunji ni wa msituni, kwenye miti mirefu na mianzi ya miteremko, si kwenye uwanda wa maua. Kwa upande wa Kitulo yuko kwenye misitu ya milima ya Livingstone, ambayo ni sehemu ya hifadhi. Na wewe wa Tukuyu una mwingine karibu na nyumbani, Mlima Rungwe. Mbali na hapo yuko msitu wa Ndundulu tu, kule Udzungwa. Duniani hakuna kwingine.

Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina kabla ya mtaalamu yeyote. Watafiti waliofuatilia maneno yao wakamwona Rungwe mwaka 2003, akatangazwa 2005, na mwaka uliofuata vinasaba vikaonyesha kwamba yuko karibu na nyani kuliko walivyodhani, akapewa jenasi yake mwenyewe (kundi la uainishaji lililo juu ya spishi), Rungwecebus. Tangu 1923 Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya jamii ya tumbili. Sensa iliyochapishwa 2008 ilihesabu kipunji 1,117, na kati yao 75 tu ndio wa Ndundulu. Wageni wanaolalamika kwamba hawakumwona siku ya kwanza wangeanza na hesabu hiyo.

Ingia msituni na askari au mwongozaji kabla jua halijapanda. Sauti hutangulia kuliko sura: ni mbweko mzito wa kukoroma, kama honi iliyokabwa. Mbega hunguruma kwa kufululiza, huwezi kuwachanganya. Ukisikia, usikimbilie, kaa chini, subiri matawi yatikisike. Sasa tazama kichwa. Kipunji ana kishungi cha nywele kilichosimama utosini, sharafa ndefu mashavuni, uso mweusi, manyoya marefu ya kahawia yenye kijivu, na mkia mrefu unaoishia weupe. Mbega ni mweusi mwenye mabega meupe na hana kishungi. Kima hana kishungi wala sharafa za namna hiyo. Makundi ya kipunji ni ya watu thelathini hivi (tusameheni, ya wanyama thelathini), kwa hiyo ukimwona mmoja tulia, wengine wapo.

Usiwatupie chakula. Tayari hushuka mashambani kula mahindi, na anayezoea mkono wa mtu huishia kwenye mtego. Ukiwa na mafua, baki nyuma. Magonjwa yetu ya kifua huwapata.

Naweza kuchimba orkidi mbili tatu nikapande nyumbani? (Mpenda maua, Iringa mjini)

Hapana. Ndani ya hifadhi kung'oa chochote ni kosa, na kuvusha orkidi za porini nje ya nchi kunahitaji kibali cha kimataifa. Hata sheria isingekuwepo, usingefanikiwa. Orkidi hizi huwa na viazi viwili chini: cha zamani kinacholisha shina la mwaka huu, na kipya kilichobeba ua la mwakani. Ukichimba umechukua miaka yote miwili. Na mizizi yake huishi kwa kushirikiana na kuvu za udongo uleule. Kwenye ndoo ya udongo wa Iringa kuvu hizo hazipo, mmea hufa msimu wa kwanza.

Viazi hivyo ndivyo vya chikanda, vinavyotwangwa, kuchanganywa na unga wa karanga na magadi, kisha kupikwa mkate mzito unaokatwa vipande. Soko lake kubwa liko Zambia, na ndilo lililokausha mabonde mengi nje ya mipaka ya hifadhi. Ukikutana na mtu ana mfuko wa viazi vidogo vyenye udongo mbichi, mjulishe askari.

Piga picha. Nenda kama saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umeinuka na umande bado uko kwenye petali. Lala kifudifudi njiani, lenzi iwe usawa wa ua, mwenzako akukingie upepo kwa koti. Angalia unapoweka kiwiko, kwani matundu ya muhanga ni mengi, na katika baadhi yake mbayuwayu wa buluu huwa amejenga.