Nikiambiwa "Umepotea", Nilikuwa Naeleza Nilikokuwa

Kushuku kwangu kwamba nina usonji (autism) kulianzia kwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka minne, hasemi, na mwalimu wake wa chekechea akashauri apimwe. Tulimpeleka watatu: dada, mama na mimi. Mtaalamu akawa anauliza. Anapanga vitu kwa mstari? Kuna nguo anazokataa kabisa? Mkibadilisha njia ya kwenda nyumbani analia? Mama akamkatiza. "Daktari, huo si ugonjwa. Hata huyu alikuwa hivyo hivyo," akanisonta. "Sweta ya shule ilimliza mpaka darasa la tatu."

Mtaalamu alitabasamu, akarudi kwenye fomu yake. Mimi nilibaki hapo kwenye sweta. Nilikuwa na miaka 31.

Usiku huo nilijibu kwenye simu dodoso la AQ, la kupima dalili za usonji kwa watu wazima. Lilitungwa Cambridge, likachapishwa mwaka 2001, lina maswali 50, na alama 32 kwenda juu ndizo wanaziona nyingi. Nilipata 38. Lakini hebu tazama linavyouliza: ungependa kwenda kwenye maigizo kuliko makumbusho? Mimi naishi Free Area, hapa Nakuru. Jioni nachagua kati ya kufua na kulala. Swali la namba za magari, hilo nililijibu bila kufikiri. Matatu zetu zote nazijua kwa namba. Ndiyo maana nasema usichukue alama hizo kama cheti. Mtu mwenye wasiwasi wa miaka mingi naye anaweza kupata alama nyingi.

Kilichonisaidia zaidi ni daftari. Miezi mitatu niliandika: kimetokea nini, saa ngapi, mwili ulifanyaje, nilihitaji muda gani kutulia. Kisha nikakaa na mama nikamuuliza ya kabla sijaanza shule, kwa sababu usonji huanza utotoni. Kama mambo yako yameanza juzi baada ya msiba au kazi mpya, tafuta chanzo kingine. Nilipimwa masikio pia. Yako sawa, sawa kupita kiasi.

Daktari wa kwanza niliyemwona aliniambia usonji ni wa watoto. Nilitaka kumuuliza watoto hao wakikua huenda wapi, nikashindwa, nikalipa nikatoka. Wa pili alisoma daftari lote, akaniandikia niende Nairobi kwa uchunguzi kamili. Pesa bado naziweka kidogo kidogo. Kwa sasa husema "naamini nina usonji", na neno hilo "naamini" silitoi. Linanitosha kupanga maisha yangu. Halinitoshi kujiandikisha kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huko wanataka ripoti ya daktari, na ni haki yao.

Sasa maisha yenyewe. Kinachonichosha kuliko kelele ni maneno yetu ya kila siku. Mtu akiniambia "umepotea sana", nilikuwa naeleza: Jumatatu nilikuwa dukani, Jumanne nilikwenda kliniki, Jumatano... Naona macho yake yanahama, sielewi kosa langu. Mteja akisema "nitapitia kesho", nilikuwa namwekea mabati pembeni na kuwafukuza wengine. Na "niko njiani"! Nimesimama stendi saa nzima nikimngoja mtu ambaye, kumbe, hata maji ya kuoga hajabandika. Wengine hujifunza haya bila kufundishwa. Mimi nimeyaandika nyuma ya daftari kama msamiati. Umepotea: jibu "niko tu, za kwako?" Karibu chai: shukuru, usikae. Nitapitia kesho: usiweke kitu.

Unaweza kucheka. Lakini tangu niandike, siku hizi nikirudi nyumbani nina nguvu ya kupika.

Kelele nazo zipo. Duka letu la vifaa vya ujenzi limepakana na fundi wa kuchomelea milango, na grinda yake ikianza, wenzangu baada ya dakika mbili hawaisikii tena. Mimi naisikia dakika zote, mpaka nasahau namba niliyokuwa naihesabu. Sikumwambia bosi neno usonji. Nilimwambia, "Mzee, nikihesabia stoo ya nyuma asubuhi kabla jirani hajafungua, sitakosea." Akakubali papo hapo, maana alikuwa anataka hesabu isikosewe. Ushauri wangu kwa aliyeajiriwa ni huo: omba kitu kinachoonekana na uonyeshe faida yake, jina la hali yako liache mfukoni mpaka umjue mtu vizuri. Kwenye matatu nakaa mbele kwa dereva, na vizibo vya masikio vya kemisti haviniishii.

Kundi la WhatsApp la ukoo nalo usilitangazie. Nilifanya hivyo nikapata maombi ya kufunguliwa, dawa ya mizizi na binamu aliyeandika "hata mimi sipendi watu". Mama peke yake hakujibu. Alikuja mwenyewe Jumapili, akakaa, akauliza ile sweta ilikuwa inaniwasha wapi. Nikamwonyesha: shingoni na kwenye vifundo vya mikono.

"Ungesema," akasema.

"Nilikuwa nalia, mama."

Wiki iliyopita alipiga simu kwamba yuko njiani. Nikanyamaza kidogo. Akacheka: "Haya, sijatoka. Njoo stendi saa tisa."

Saa tisa alikuwa hapo.