Samaki Mpya Anakufa Siku ya Tatu: Uliza Maji, Kisha Uliza Majirani

Mtu akinipigia simu kwamba samaki alionunua Jumamosi wamekufa Jumanne, sianzi na aina ya samaki. Namuuliza tangi lina umri gani. Mara nyingi jibu ni "nimelinunua siku ile ile na samaki wenyewe", na hapo nusu ya mazungumzo imeshakwisha.

Tangi jipya lenye maji meupe yanayong'aa linaua kuliko tangi kuukuu lenye mwani kwenye vioo. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake mchana na usiku, na chakula kilichobaki chini nacho kikioza kinatoa amonia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi katika sponji ya filta, changarawe na mawe. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia hadi siku utakapobadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Samaki anayeingia kabla ya hapo anapumua uchafu wake mwenyewe.

Dalili zake ukizizoea huzikosei. Samaki anapanda juu, mdomo unagusa uso wa maji, matamvua yanapiga harakaharaka, mapezi kayakunja. Ukimtazama ubavuni, ukingo wa tamvua umeiva wekundu. Wengi wanadhani hewa imepungua, wanaongeza pampu. Pampu haiondoi amonia. Kinachosaidia saa hiyo ni kubadilisha theluthi au nusu ya maji, kuacha kulisha siku mbili, na kurudia kubadilisha kesho yake.

Njia rahisi kuliko zote ya kukomaza tangi ni kuomba. Kama una rafiki mwenye tangi la miaka, mwombe sponji yake moja iliyochafuka, uisafirishe ikiwa imelowa, uiweke kwenye filta yako siku hiyo hiyo, na uweke samaki wachache tu. Sponji ile iliyojaa tope la kahawia ina thamani kuliko dawa nyingi za chupa. Na usiioshe kwa maji ya bomba, kwa sababu klorini itaua hao hao uliowafuata. Isuuze kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Maji ya bomba unayotaka kuyaweka kwenye tangi yaache kwenye ndoo iliyo wazi, pampu ya hewa ikifanya kazi ndani yake, kwa siku nzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la ziada. Amonia ile ile inakuwa kali zaidi maji yakiwa ya joto na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikiwa juu: ukitoka pH 7 kwenda 8, sehemu yake iliyo sumu inaongezeka karibu mara kumi. Maji ya Dar ndani ya nyumba yanafika nyuzi 28 au 30 bila hita, na visima vingi vya ukanda huu vina maji magumu yenye chumvichumvi, ambayo mara nyingi pH yake iko juu. Kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho mtu wa kwenye baridi anakiona kidogo, kwako kinaweza kumaliza tangi.

Umeme nao. Ukikatika saa nyingi, bakteria ndani ya filta iliyofungwa wanakosa oksijeni na kuanza kufa. Umeme ukirudi, filta inamwaga uozo wote ule kwenye tangi. Kabla hujaiwasha, ifungue na umwage maji yaliyolala ndani.

Halafu ule mfuko wa nailoni. Samaki aliyetoka dukani mtaa wa pili hana shida kubwa: uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika kama 20 joto lilingane, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu. Maji ya duka yamwage nje. Lakini samaki aliyesafirishwa usiku kucha kwenye basi ni habari nyingine. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa ya kaboni imejaa, pH imeshuka, na amonia aliyoitoa njia nzima imetulia. Ukifungua mfuko, kaboni inatoka, pH inapanda, na amonia ile inageuka sumu huku wewe umekaa pembeni unadondosha maji tone kwa tone kwa saa nzima ukidhani unamsaidia. Huyo andaa maji yake mapema, joto na pH vikaribiane na kule alikotoka, ufungue na umhamishe bila kuchelewa.

Na asiingie moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Beseni la lita 40 na filta ndogo ya sponji vinatosha kumweka pembeni wiki 2 hadi 4. Ugonjwa wa madoa meupe, vile vipunje vinavyoonekana kwenye mapezi, unaingia na mgeni, na dawa zake haziui kimelea kikiwa bado kimejichimbia kwenye ngozi. Zinakiua kikiwa kinaogelea majini. Ndiyo maana madoa yakipotea unaendelea na tiba.

Sasa majirani, yaani samaki atakaokaa nao, ambako ndiko ninakoona pesa nyingi zikipotea. Muuzaji atakwambia, "Chukua tu kaka, hawa wote wanakaa pamoja." Dukani kweli wanakaa pamoja, kwa sababu wamebanana, hawajakomaa na hakuna hata mmoja mwenye kwake. Swali la kumuuliza ni samaki huyu asili yake maji gani. Neoni, yule samaki mdogo, ni wa mito ya Amazoni, maji laini yenye pH ya chini. Samaki wa dhahabu anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 22 na anachafua kupita kiasi, hivyo kumweka kwenye tangi la nyuzi 29 pamoja na enjelifishi ni kumtesa. Na enjelifishi huyo huyo akikua, neoni wataanza kupungua mmoja mmoja usiku. Hakuna aliyewaiba.

Kwa mtu wa Dar mwenye maji magumu ushauri wangu ni mfupi: fuga samaki wa maziwa yetu. Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika maji yake ni magumu, pH ya juu, na kwa Tanganyika inakaribia 9. Hutahangaika kuyalainisha maji ili kumridhisha samaki wa Brazili.

Ila wana hulka zao. Mbuna wa Nyasa anaishi kwenye miamba, anakula mwani, na dume anamiliki jiwe lake. Ukimlisha minyoo myekundu au nyama kila siku tumbo linajaa, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, na ndani ya wiki kaondoka. Chindongo demasoni, aliyeitwa zamani Pseudotropheus demasoni, yule mdogo wa buluu mwenye mistari myeusi, kwao ni miamba ya Pombo, upande wetu wa Nyasa. Ukiwafuga wanne, mbabe atawamaliza wenzake. Wakiwa kumi na mbili au zaidi, hasira inagawanyika na hakuna anayeandamwa peke yake. Melanochromis auratus, mbuna mwingine mbabe, mimi simshauri mtu anayeanza, hata akipewa bure.

Wa Tanganyika wasichanganywe na mbuna. Wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono wanahitaji mchanga na utulivu, na mbuna atawanyima vyote. Hata wao kwa wao kuna mipaka: Neolamprologus brichardi wakizaa, watoto wakubwa wanasaidia kulinda wadogo, na baada ya miezi ukoo mzima umeshika tangi huku samaki wengine wamejibana kona ya juu. Frontosa ni mpole mchana, lakini usiku anameza chochote kinachoingia mdomoni.

Mgeni anayeingia kwenye tangi la mbuna ni mpangaji anayeingia nyumba ambayo kila chumba kina mwenyewe. Kwa hiyo vuruga kwanza. Toa mawe, yapange upya, ili hata wenyeji waanze kutafuta pa kukaa. Walishe washibe, zima taa, ndipo umwachie mgeni gizani, na asiwe mmoja. Asubuhi angalia mapezi yake.

Ukikuta mmoja anaandamwa, wengi wanamtoa anayepigwa. Kesho yake mbabe anachagua mwingine. Mtoe mbabe. Mweke kwenye lile beseni wiki moja au mbili, hamisha mawe tena, kisha mrudishe akiwa yeye ndiye mgeni. Akiendelea, mrudishe dukani ubadilishane na mwingine. Kuna mtu mwenye tangi la peke yake atamfurahia.