Hospitali ya kijijini ianzie wapi?

Ndugu, umeuliza hospitali ya kwenu ianzie wapi, jengo jipya au madaktari zaidi. Mimi ningeanza na friji ya dawa. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama kuvuja damu akishajifungua, hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Stima ikipotea mara kwa mara, joto huipunguzia nguvu, na kwa macho huwezi kujua. Sola ya friji hiyo ije kabla ya rangi ya ukuta, tafadhali.

Halafu kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Wanapima presha nyumbani kwa mtu. Wapewe namba ya nesi wa zamu, mgonjwa asiletwe huku Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, akiwa amechelewa.