Wasomaji Wanauliza: Kaa hai, kabla hajaingia sufuriani

Habari za kazi, meza ya mapishi. Nilinunua kaa hai wanne soko la samaki la Feri asubuhi, nikawatia kwenye ndoo ya maji ya bomba na chumvi kidogo ili watapike mchanga. Jioni watatu walikuwa wamekufa. Nikawapika hivyo hivyo, nyama ikawa inamumunyuka na kunuka. Shida nini? – Msomaji, Mbagala

Pole sana, dada. Ndoo ndiyo iliyowaua. Kaa hupumua kwa matamvua, na matamvua yakibaki na unyevu anaweza kupumua hata akiwa nje ya maji. Ndani ya maji yaliyotuama, wanne kwa pamoja, oksijeni inaisha upesi. Chumvi kidogo nayo haigeuzi maji ya bomba kuwa ya bahari, ambayo yana gramu 35 hivi kwa kila lita. Wala chumvi haimtapishi kaa chochote: uchafu wa tumboni hutolewa kwa mkono, gamba likishafunguliwa.

Hadi saa ya kupika, mtie kwenye tenga au beseni kavu, umfunike kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, akae kivulini. Usimfungie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Friji pia siyo mahali pa kumlaza, maana kaa wa mikoko amezoea maji ya uvuguvugu na baridi inamdhoofisha. Mpike siku hiyo hiyo.

Kaa aliyekufa bila wewe kujua amekufa saa ngapi, mtupe, hata kama bei inauma. Ndani yake kuna tezi kubwa ya kusagia chakula, ule ute wa njano unaouona chini ya gamba. Akifa, vimeng'enya vya tezi hiyo vinavuja na kuanza kusaga nyama yake mwenyewe, huku bakteria wakizaliana haraka kwa joto letu hili. Moto unaua bakteria, lakini baadhi ya sumu walizokwisha kuacha haziondoki kwa kuchemsha. Ukitaka kujua kama yu hai, gusa jicho lake kwa kijiti: aliye hai hulilaza papo hapo.

Nikimtumbukiza kwenye maji yanayochemka anatapatapa, miguu inakatika. Na magando nayaogopa. Nifanyeje? – Msomaji, Kijitonyama

Usimtumbukize akiwa macho. Kaa aliyeshtuka huiachia miguu yake mwenyewe, na pale ilipokatika maji ya moto yanaingia mwilini, nyama inachujuka. Tena ni kumtesa bure.

Kamba aliyofungwa nayo isifunguliwe kwanza. Mweke friza ili afe ganzi: wa nusu kilo dakika 30 hivi, wa kilo nzima karibu saa moja. Kama huna friza, tumia barafu iliyopondwa kwenye maji ya chumvi, ile ile gramu 35 kwa lita. Yuko tayari miguu ikilegea na jicho lisiposhtuka ukiligusa.

Mlaze chali. Inua mkia uliokunjwa tumboni. Chini yake pana kishimo. Choma hapo kwa kisu chembamba chenye ncha, au bisibisi safi, mpaka uguse gamba la mgongoni. Kisha choma tena mbele, kwenye kibonde kilicho kati ya macho. Kaa ana vituo viwili vya neva, kwa hiyo kuchoma mara moja hakutoshi. Sasa ndiyo fungua kamba.

Msugue kwa mswaki mgumu chini ya bomba kabla hujamfungua, hasa kwenye maungio ya miguu na chini ya mkia, ambako tope la mikoko hujificha. Ng'oa mkia, ingiza kidole gumba nyuma ya gamba, vuta kwenda juu. Pande zote mbili utaona matamvua, kama vidole laini vya kijivu: ng'oa yote, kwa sababu ndiyo yanayochuja tope na yakibaki mchuzi unakuwa na mchanga. Toa kifuko cha tumbo kilicho nyuma ya mdomo, na kauzi ka chango. Suuza upesi, usiloweke.

Mkate vipande viwili au vinne. Gando lifunike kwa kitambaa, uligonge kwa mchi mara moja kila pingili. Ukiliponda, vipande vya gamba vinaingia kwenye mchuzi, na hivyo vinavunja jino. Vipande hivi huiva kwa dakika 10 hadi 12 kwenye tui jepesi linalochemka. Tui zito liingie mwishoni. Nyama iliyoiva ni nyeupe, haipitishi mwanga.

Nyama ilikuwa na rangi ya bluu kidogo. Imeharibika? – Msomaji, Tegeta

Kama kaa alikuwa hai na nyama haina harufu, hapana. Damu ya kaa hubeba oksijeni kwa madini ya shaba, na shaba ndiyo inayoacha rangi hiyo.

Kaa mkubwa, ndani maji matupu! – Msomaji, Temeke

Huyo alikuwa ametoka kujivua gamba. Gamba jipya ni pana kuliko mwili, na nyama bado haijalijaza. Kabla hujalipa, bonyeza kwa kidole gumba upande wa tumbo, karibu na mguu wa mwisho. Likibonyea, rudisha. Kati ya wawili walio sawa kwa ukubwa, chukua aliye mzito, mwenye gamba lililochakaa.