2147483647 ni namba tasa kweli?
Ndiyo, ni tasa, na huhitaji kompyuta kulithibitisha. Mwanahisabati Euler alilimaliza kwa mkono mwaka 1772. Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Usidhani kipeo kikiwa tasa basi jibu nalo ni tasa: 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, yaani 23 × 89.

Ujanja uko hapa. Kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 62, lazima kibakize 1. Ukigawa kwa 8, kibakize 1 au 7. Kipeuo cha pili cha 2147483647 hakifiki 46341, na hakuna haja ya kujaribu vigawo vinavyozidi hapo, kwa hiyo namba tasa za kujaribu zinabaki chache mno. Zote zinagoma kuigawa bila baki. (Kazi ya kuchosha, lakini inawezekana.)

Huenda umeiona pia kwenye programu za kompyuta: ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 (tarakimu za 0 na 1), biti moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Utasa wake hauhusiki kabisa, imetokea tu. Ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata namba kamilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe), 2305843008139952128.